Vibao vya Lango la Saba

Jumatatu, 3 Machi

Kazi tumepata. Mzee Githinji alipokea simu akiwa juu ya ngazi, brashi mkononi, na nusura aanguke. Akashuka polepole, akaketi juu ya mkebe wa rangi, akasema tu, "Ni sisi." Kui, msaidizi wetu, akapiga ukemi hadi mafundi wa masufuria wa jirani wakaja kuuliza nani amekufa.

Vibao mia nne na kumi na viwili vya Uwanja mpya wa Mashariki. Malango, ngazi, vyoo, viti, huduma ya kwanza, njia za kutokea. Mimi ndiye nitakayevibuni vyote. Miaka kumi na tano katika karakana hii ya Shauri Moyo nimechora bucha, saluni, makanisa, zahanati, na ng'ombe wengi kuliko nyama niliyokula. Sijawahi kuwaambia watu elfu ishirini na nane wapite wapi.

Mzee anasema kazi kubwa huandikwa, kwa hivyo nimeanza daftari hili. Yeye ndiye aliyenifunza kushika brashi nikiwa na miaka kumi na tisa. Neno lake sijawahi kulipuuza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefukuzwa. Karani wa usalama pale uwanjani, mtu mwembamba anayeitwa Phares Ndete, aliangalia miguu yangu kabla ya kuangalia uso. "Dada, hapa hatuingii na sandali." Nikamwambia nimetoka mtaa wa Tena, safari ya asubuhi nzima. Akasema, "Nami nimetoka Mlolongo." Nikarudi Shauri Moyo, nikaazima gambuti za Kui, ambazo zinanipwaya. Safari hii akaandika jina langu, saa, namba ya simu, na ugonjwa wowote nilio nao. Ana filimbi shingoni. Kui amembatiza Refa.

Huyu mtu atanimaliza.

Jumanne, 11 Machi

Tumebishana kutwa juu ya neno moja. Michoro ya injinia inasema TOKA. Mzee akaweka miwani mezani. "Toka ni ya mbwa. Mtu amekuja kuona mpira, amekaa vizuri, unamwambia toka?" Kui akasema basi tuandike ISHIA, yaani ondoka kwa lugha ya mtaani, vijana wataelewa haraka. Mwishowe tumekubaliana: KUTOKA. Herufi nyeupe juu ya kijani, urefu sentimita ishirini, na mshale mnene. Mtu aliye mita hamsini akisome kibao huku akitembea.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimemleta Mwaitu, yaani mama yangu, uwanjani. Ana miaka sitini na minane na magoti mabaya. Nikasema kama yeye atafika kwenye kiti, kila mtu atafika. Nilibandika karatasi ukutani mahali vibao vitakapokuwa, nikampa tikiti ya uongo, nikamfuata kwa nyuma bila kusema neno.

Alipita karatasi tatu bila kuziona. Ya nne akasimama chini yake na kumuuliza fundi wa saruji njia.

"Mwaitu, si umesimama chini ya kibao?"

"Mimi sisomi ukuta kama kuna mtu wa kuuliza," akasema. "Na huko juu ulikokiweka, ni nani anatembea akiangalia mbinguni?"

Nimehamisha vibao themanini. Sasa viko mahali watu wanaposimama kufikiri: mwisho wa ngazi, njia panda, mbele ya vyoo. Na kila lango nimelipa rangi yake, ili anayesoma kidogo afuate rangi.

Phares Ndete alimvika Mwaitu kofia ngumu juu ya kitambaa chake cha kanisa, akampandisha ngazi zote akimshika kiwiko. Nilidhani anaogopa asije akavunja kitu.

Jumatano, 19 Machi

Vumbi. Stika hazishiki. Tumeosha mabati siku nzima.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua imefika saa tisa alasiri, kwa fujo. Soko lote la Gikomba lilikimbilia kwenye vibaraza. Mzee alisimama mlangoni mwa karakana akitabasamu kama yeye ndiye aliyeileta.

Alhamisi, 3 Aprili

Vibao mia moja na sabini viko ukutani. Nilipita mita hamsini kutoka cha Lango la Pili, nikageuka ghafla. Kinasomeka. Nilisimama pale nikakisoma mara tatu kama mtu aliyeokota barua yake mwenyewe.

Jumatano, 9 Aprili

Nimekwenda kupima sehemu ya Lango la Saba.

Nieleze vizuri. Upande wa nyuma wa uwanja hauna paa. Ni viti elfu sita, na watu wake wana njia mbili za kutoka: ngazi za kulia zinashuka Lango la Sita, za kushoto zinashuka Lango la Saba. Kwenye ramani malango yote mawili yana upana wa mita sita. Nimegawa vibao hivyo hivyo, nusu huku, nusu kule.

Leo nimeshuka ngazi za kushoto hadi chini. Nusu ya ujia imejengwa stoo ya soda, ukuta mpya kabisa, saruji bado mbichi. Nusu iliyobaki inaishia kwenye lango la chuma linalofungukia ndani, na juu yake mnyororo wenye kufuli. Mlinzi akaniambia watu wa mtaani walikuwa wanakatiza hapo kwenda Barabara ya Jogoo, ndiyo maana likafungwa. Nilipiga picha sita.

Nikamfuata Injinia Nzivo, msimamizi wa ujenzi, bonge la mtu mcheshi. "Siku ya mchezo litafunguliwa, Nthoki. Wewe chora, mimi nitafungua."

"Na ile stoo?"

"Stoo ni ya muda."

"Ufunguo atakuwa nao nani?"

Akacheka. "Umeshinda na Ndete, eh? Ameanza kukuambukiza."

Phares alinisubiri nje, chini ya mwavuli. Bila salamu akatoa karatasi kwenye mfuko wa nailoni. "Nimewaandikia barua tatu juu ya lango lile. Hizi nakala ni zako."

"Zangu za nini?"

"Karatasi ikiwa mahali pawili haipotei."

Nilizichukua ili niondoke kwenye mvua. Nawajua watu wa namna hii. Wanataka siku mambo yakiharibika waonekane safi. Nimeziweka katika bahasha, chini ya sanduku langu la rula.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimemwambia Mzee. Nilimwonyesha picha. Alizitazama kwa muda mrefu, akikuza kila moja kwa vidole viwili.

"Tusiweke vibao vya Lango la Saba mpaka walifungue," nikasema. "Tuwaelekeze wote Lango la Sita kwa sasa."

"Havitafika mia nne na kumi na viwili. Watasema kazi haijaisha. Hatutapewa cheti."

"Tutapewa baadaye."

"Nthoki." Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole. "Nimechora kuta za watu miaka arobaini. Kila ukuta niliochora umebomolewa, au umepakwa rangi juu, au ameingia mwenye duka mwingine. Hata karakana hii wametuambia siku zake zinahesabika. Uwanja ule hautabomolewa nikiwa hai. Injinia amesema atafungua. Wewe ni injinia?"

Nikasema hapana.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mwaitu ameniuliza kwa nini sikuimba kanisani. Nilisema koo.

Jumanne, 22 Aprili

Phares Ndete hayupo. Amehamishiwa ujenzi mwingine, hakuna anayesema wapi. Kwenye kiti chake ameketi mtu mwingine anayecheza gemu kwa simu. Hakuniangalia miguu. Nimeingia na sandali.

Alhamisi, 24 Aprili

Fomu ya cheti ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilisema vibao vyote vimewekwa kulingana na michoro na vinaelekeza kwenye njia zilizo wazi. Chini mistari mitatu: Msimamizi, Mkandarasi wa vibao, Mbunifu. Nzivo alikuwa ametia sahihi. Mzee akatia yake, kubwa, yenye mkia mrefu kama anavyoandika jina la duka. Akanisogezea.

Nilisoma yale maneno, njia zilizo wazi, nikashika kalamu nikatulia.

"Mzee, lile lango..."

"Nthoki." Hakuwa mkali. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mkali. "Mimi nimekuomba kitu lini?"

Hajawahi. Miaka kumi na tano hajawahi kuniomba kitu. Baba yangu alipokufa, gari lililompeleka kuzikwa Kitui alilileta yeye, na hakulitaja tena.

Mvua ilikuwa inapiga bati hata tukawa tunasemeshana kwa kupaza sauti. Niliandika jina langu.

Ijumaa, 25 Aprili

Kui ameleta keki. Cheti kimetundikwa ukutani. Nilikula kipande kimoja.

Jumamosi, 3 Mei

Nilipita kwa nje nikitoka Mbotela kununua mbao za fremu. Kufuli bado liko. Nilimpigia Nzivo hakushika. Nikamwandikia: Lango la Saba bado. Akasoma. Akanirudishia kidole gumba.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Mto umeingia barabarani. Hakuna kazi.

Jumatatu, 12 Mei

Jana sikuweza kuandika. Leo naandika ya Jumamosi.

Ulikuwa mchezo wa kufungua uwanja. Tulifika saa saba mchana, mimi na Kui. Tulikuwa na tikiti za bure kutoka kwa Nzivo, upande usio na paa. Nilikwenda moja kwa moja kuangalia Lango la Saba, lakini ngazi zake zilikuwa zimezibwa kwa kamba. Mlinzi akasema huko kunafunguliwa mchezo ukiisha.

"Na lango la chini, limefunguliwa?"

"Lango sijui, mama. Mimi nimeambiwa ngazi."

Nikarudi kuketi. Naandika hayo tena ili niyaone. Nikarudi kuketi.

Kipindi cha kwanza sikutazama mpira. Nilitazama watu. Walikuwa wanasoma. Bibi mmoja na wajukuu wake wanne alisimama chini ya kibao cha buluu, akaangalia tikiti, akaangalia juu, akageuka kulia bila kumuuliza mtu. Kui akanigonga kiwiko. "Umecheki? Hakuna msee anapotea!" Nilifurahi. Siwezi kulidanganya daftari. Nilifurahi sana.

Dakika ya sabini hivi mbingu ikapasuka. Ilianza mvua, ikageuka mawe, ya ukubwa wa punje za mahindi. Radi ikapiga mahali karibu, na taa za uwanja zikazimika. Ilikuwa saa kumi jioni lakini kulikuwa na giza la magharibi. Watu elfu sita wasio na paa wakainuka kwa pamoja. Mlinzi akaiondoa kamba.

Hakukuwa na vurugu. Hilo ndilo watu hawalielewi ninapowaambia. Walijifunika vichwa kwa mikono na magazeti, wakatafuta ile kijani, wakaona KUTOKA na mshale, wakafuata. Nusu kulia, nusu kushoto, kama nilivyochora. Walipeana nafasi. Waliwatanguliza wenye watoto.

Vibao vilifanya kazi.

Nilimwambia Kui, "Lango." Aliniangalia usoni tu akajua. Tukakimbia juu ya viti, tukikanyaga, tukiteleza. Nilipofika kileleni mwa ngazi za kushoto sikuona chini. Niliona migongo tu. Ilikuwa imesimama, haisongi, na watu waliendelea kuja nyuma yetu. Kisha nikasikia sauti kutoka chini. Haikuwa na maneno. Ilikuwa kama ya ng'ombe wakipakiwa kwa lori.

Niligeuka nikatandaza mikono. "Rudini! Limefungwa! Nendeni Lango la Sita!"

Mwanamume mmoja mwenye jezi nyekundu, maji yakimtiririka kidevuni, akanyoosha kidole juu ya kichwa changu. "We mama, hujui kusoma? Si imeandikwa kutoka?" Akanisogeza kando, kwa upole, kama unavyomsogeza mtu aliyechanganyikiwa. Na waliomfuata wakafanya vivyo hivyo. Hakuna aliyenitukana. Walinisoma mimi, wakasoma kibao, wakaamini kibao.

Kui alipanda juu ya reli ya ngazi. Ni mwembamba, kilo hamsini haziko. Akakishika kibao kwa mikono miwili akaning'inia. Skrubu ya kwanza ikang'oka, ya pili ikang'oka, akaanguka nacho begani mwa mtu. Tukakiinua, mmoja huku, mwingine kule, tukaziba nacho ngazi. Tuliwageuzia watu mgongo wake, ule upande mtupu wa bati. Ndipo wakasimama. Wanaume wawili wakaja wakashikana nasi, na mama mmoja mwenye sauti ya kanisani akaanza kuita, "La Sita! La Sita!" Polepole wale wa nyuma wakageuka.

Wale wa chini hawakuwa na pa kugeukia.

Mnyororo ulikatwa na mafundi wa gereji kutoka nje, waliosikia sauti. Lakini lango lilifungukia ndani, na ndani palikuwa na watu. Ikabidi waling'oe kwenye bawaba. Wengine wanasema ilichukua dakika kumi na mbili. Mimi sijui. Nilikuwa nimeshika bati.

Walipokwisha kutolewa, ngazi zilibaki na viatu. Vya kila namna, na maji yakivishukia kidato kwa kidato.

Ufunguo ulipatikana jioni hiyo hiyo, katika droo ya ofisi.

Jumanne, 13 Mei

Majeruhi kumi na tisa. Amekufa mmoja. Redio imemtaja: Kyule, mchonga vinyago, mkazi wa Mbotela, miaka hamsini na miwili. Ameacha mke, Muthoki, na mabinti watatu.

Jumatano, 14 Mei

Wenye uwanja wametoa taarifa. Wanasema malango ni wajibu wa karani wa usalama, Phares Ndete, na kwamba uzembe wake unachunguzwa. Wanasema hakuwahi kuripoti tatizo lolote.

Niliisoma nikiwa karakanani. Nikainua sanduku la rula. Bahasha ipo.

Barua ya kwanza ni ya tarehe ishirini Februari, kabla hata sijakanyaga pale. Ya pili ina mchoro wa ujia aliouchora kwa mkono, na vipimo. Ya tatu ina sentensi moja tu: Watu watafuata vibao. Nimeisoma leo kwa mara ya kwanza.

Jumatatu, 19 Mei

Nilimwambia Mwaitu nikiwa nachambua kunde naye, mezani. Nilimwambia yote, pamoja na sahihi. Nilikuwa nimejiandaa kukaripiwa. Amefundisha shule ya Jumapili miaka ishirini.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Mzee. Nzivo. Kui anakisia."

Akaendelea kuchambua. "Basi nyamaza."

"Mwaitu?"

"Wenye lango wapo. Aliyelifunga yupo. Wewe ulishika kalamu tu. Ukisema, watakaokubebesha lawama ni wengi, na hao wakubwa watapitia nyuma yako. Mimi nina wewe peke yako, Nthoki." Kunde nzima alikuwa anazitupa upande wa takataka.

Nilidhani namjua. Sikujua kwamba ananiogopea kiasi hiki.

Alhamisi, 22 Mei

Tume ya uchunguzi itakaa Jumanne. Mzee ameniita nyuma ya karakana, kwenye mabati ya zamani.

"Zile picha," akasema. "Bado unazo?"

"Ninazo."

"Zifute."

Ndevu zake hazikuwa zimenyolewa. Tangu ile siku hajapanda ngazi wala kushika brashi. "Sisi tulichora tu," akasema. "Tuliambiwa tuchore, tukachora. Lango si letu. Nthoki, nina miaka sabini na mmoja. Niache niende na jina langu."

"Na jina la Phares?"

"Simjui huyo."

"Ni yule aliyemshika Mwaitu kiwiko."

Akageuka kupanga mabati. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Nilimwona mzee aliyejificha nyuma ya bati, na nikajua tulikuwa wawili pale.

Jumatatu, 26 Mei

Mwaitu hasemi nami. Lakini nimekuta amepiga pasi gauni langu la kijivu na kulitundika mlangoni.

Jumanne, 27 Mei

Ukumbi ulikuwa mdogo, viti vya plastiki, feni imeharibika. Mwenyekiti wa tume ni mama mmoja wakili, mpole wa sauti. Nzivo alizungumza kabla yangu. Alisema hakuna aliyemwarifu. Mzee Githinji aliulizwa maswali mawili akajibu yote "sikumbuki", na mwenyekiti akamwonea huruma akamruhusu akae.

Kisha mimi. Niliweka simu na bahasha mezani.

"Hizi picha ulizipiga lini?"

"Tarehe tisa Aprili."

"Kwa hivyo tarehe tisa Aprili ulijua lango limefungwa."

"Nilijua."

"Na hizi barua?"

"Alinipa Phares Ndete siku hiyo hiyo. Alikuwa ameziandika kwa ofisi. Alifanya kazi yake."

Akageuza karatasi mbele yake. Ilikuwa ile fomu. "Na sahihi hii hapa, ya mbunifu, ni yako?"

"Ni yangu."

"Ya tarehe ngapi?"

"Ishirini na nne Aprili."

Aliandika. Alichukua muda kuandika, na ukumbi wote ulisikia kalamu. "Kwa nini ulitia sahihi?"

Nilikuwa nimejiandalia majibu mengi. Kwamba niliahidiwa. Kwamba mimi si injinia. Kwamba aliyeniomba hajawahi kuniomba kitu. Mzee alikuwa safu ya pili akiangalia viatu vyake.

"Niliona vigumu kumkatalia mtu ninayempenda," nikasema. "Kwa hivyo nikawaelekeza watu mahali ambapo hapakuwa na njia."

Nilipotoka, Phares Ndete alikuwa kwenye benchi la nje akingoja zamu yake. Shati limepigwa pasi, filimbi hana. Nikasimama mbele yake.

"Nimewapa barua zako."

"Nimesikia. Mlango uko wazi."

Nilingoja. Sijui nilingoja nini. Akainuka, akakunjua mikono ya shati.

"Dada, nilikupa zile karatasi Aprili," akasema. "Sikukupa uziweke."

Akaitwa jina, akaingia.

Jumatano, 28 Mei

Kui amekuja nyumbani kwangu mtaa wa Tena na mfuko wenye vitu vyangu kutoka karakanani: kikombe, aproni, rula zangu. Mzee amefunga kwa sasa. Kui amepata kazi ya stika huko Umoja. "Mzee hajakasirika," akaniambia. "Anakaa tu, Nthoki. Anakaa kwa ule mkebe." Kisha akalia, na mimi nikampikia chai.

Leo hakuna mvua. Jana pia haikunyesha.

Ijumaa, 30 Mei

Redio inasema Nzivo na wengine wawili wamesimamishwa kazi na faili imepelekwa kwa mwendesha mashtaka. Ndete amesafishwa. Wabunifu na wakandarasi wa vibao watahojiwa upya. Nimeambiwa nisitoke nje ya mji.

Jumamosi, 31 Mei

Nimekwenda Mbotela.

Nilijua wamesharudi kutoka Wamunyu, alikozikwa Kyule. Niliuliza njia kwa mama muuza mboga, akanionyesha mlango. Muthoki, mjane wake, alifungua mwenyewe. Ni mwanamke mrefu, mdogo wa umri kuliko nilivyomfikiria, khanga mabegani. Pembeni ya chumba kulikuwa na twiga wa mbao watano, mmoja bado hajachongwa miguu.

"Karibu. Umetoka kanisani?"

"Hapana, mama. Naitwa Nthoki. Mimi ndiye niliyebuni vibao vya uwanja."

Alinionyesha kiti. Hakuketi yeye. "Sema."

Nilimwambia. Stoo ya soda, mnyororo, picha, fomu, kalamu. Nilimwambia nilijua mwezi mzima kabla. Nilimwambia kwamba siku ile niliwahi kuuliza juu ya lango nikarudi kuketi. Mara moja binti yake alichungulia kutoka chumba cha ndani, naye akamrudisha kwa mkono bila kuniondolea macho.

Nilipomaliza akauliza, "Hicho kibao, alikiona?"

"Lazima alikiona."

"Kiliandikwaje?"

"Kutoka. Na mshale."

Akatikisa kichwa taratibu. "Nilikuwa nashindwa kuelewa. Kyule hapendi msongamano. Hata kanisani hungoja watu waishe ndipo ainuke. Nilikuwa najiuliza kila siku, huyu mtu aliingiaje pale?" Akawaangalia wale twiga wa mbao. "Sasa naelewa. Aliambiwa kuna njia."

"Ndiyo, mama."

"Wamekuja wa serikali hapa. Wamekuja wa kanisa, wa redio, hata wenye uwanja walituma mtu na maua. Wote wameniambia ni ajali. Wewe ndiye wa kwanza kunieleza."

Nilitaka kusema pole. Ilikuwa mdomoni tayari, lakini akainua mkono, ule ule aliomrudisha nao binti.

"Nakushukuru kwa kuja," akasema. "Na usirudi hapa tena."

Akaenda mlangoni, akaufungua, akaushikilia wazi mpaka nikawa nimetoka nje.